Karafuu na Mdalasini: kisa cha degu wawili na nyumba iliyowaumiza

Daktari wa wanyama hakuanza na mdomo wa Karafuu, mmoja wa degu wetu wawili, wanyama wadogo wa kufugwa ndani. Alimpima uzito, gramu 168, akamrudisha kwenye kijisanduku chake, kisha akanigeukia na kuniuliza kama nina picha ya tundu wanamoishi. Nilikuwa nayo kwenye simu, kwa sababu wiki mbili kabla nilimtumia mama yangu, aliye Unguja, awaone wageni wetu. Daktari akaikuza kwa vidole viwili, akaanza kuuliza. Hilo gurudumu lina upana gani? Nyasi kavu ziko wapi? Wanachimba wapi? Hicho chakula cha rangi rangi kina nini ndani yake? Sikuwa na jibu la maana hata kwa swali moja, na Karafuu alikuwa ameketi pale mezani anadondokwa na mate kidevuni.

Ilikuwa Machi 2022, hapa Coventry. Nakieleza kisa chote kwa urefu kwa sababu watoto wetu huku Uingereza huwaona wanyama hawa kwa wenzao wa shule, wakirudi nyumbani wanataka na wao, na sisi wazazi hujumlisha bei ya mnyama na bei ya tundu tukadhani hesabu imekwisha. Karibu yote yaliyowapata Karafuu na Mdalasini yalitoka kwenye nyumba tuliyowaweka. Nyumba iliwaumiza, na nyumba nyingine ikawaponya kwa kiasi walichoweza kupona.

Wageni wenyewe

Degu ni mnyama mdogo wa Chile ya kati. Mzima ana uzito wa gramu 170 hadi 300 hivi, mgongo wa kahawia, tumbo la rangi ya maziwa, na mkia mrefu unaoishia kwenye kishungi cheusi. Padri Juan Ignacio Molina, mzaliwa wa Chile, ndiye aliyemtambulisha kwa wanasayansi mwaka 1782. Jina la ukoo wake, Octodon, limetokana na magego yake: uso wa kila gego umechorwa kama tarakimu 8.

Mama alipoiona ile picha alipiga simu papo hapo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akasema: “Mwanangu, umekwenda Ulaya kote huko ukafuge panya?” Nikamwambia huyu si wa ukoo wa panya wa jikoni, kwamba yuko upande mmoja na simbilisi, na hata nungunungu na ndezi wanamhusu kuliko panya. Akafikiri kidogo, akauliza kama wanaingia chumba tunachosalia. Hapana mama, hawaingii. Basi, akasema, walee vizuri, kiumbe ukishamfungia amana yake iko kwako.

Undugu huo na simbilisi una maana kubwa kwa mfugaji. Meno ya degu, ya mbele na ya nyuma, hayaachi kukua maisha yake yote, kwa hiyo lazima yasagike kila siku. Na insulini ya wanyama wa jamii hii imetofautiana na ya wanyama wengi, nguvu yake ni ndogo, kwa hiyo sukari ambayo panya wa kawaida angeimudu inaweza kumtia degu kisukari.

Kwao ni nchi ya vichaka vikavu chini ya milima ya Andes. Mti unaotawala pale ni espino, mti wa miiba, jamaa wa migunga yetu. Ukitazama picha za mahali hapo unaweza kudhani uko njiani kuelekea Dodoma. Mvua hunyesha wakati wa baridi, kiangazi ni kikavu kabisa, na nyasi zikishakauka degu huendelea kuzila vivyo hivyo. Wanaishi kwa makundi, katika mashimo waliyoyachimba kwa pamoja, na majike wa kundi moja hunyonyesha watoto bila kuchagua ni wa nani. Hutoka mchana. Jua la kiangazi likipamba moto hurudi chini ya ardhi, wakatoka tena jioni. Juu kuna mwewe, chini kuna mbweha, kwa hiyo hawaendi mbali na mlango wa shimo.

Laiti ningeyasoma hayo kabla sijawapokea. Kila jambo hapo lilikuja kudaiwa baadaye: nyasi, wenzi, shimo, kivuli, mahali pa kukimbilia.

Walivyofika na yaliyofuata

Mfanyakazi mwenzangu alikuwa anahamia nyumba isiyoruhusu wanyama, akanipa degu wawili, ndugu wa tumbo moja, wote majike, umri mwaka na nusu. Walikuja na vyote alivyouziwa dukani: tangi la kioo la samaki lenye urefu wa sentimita 120, gurudumu la plastiki la sentimita 20 lenye vijiti vya kukanyagia vilivyoachana, kijumba cha plastiki, tabaka jembamba la maranda ya msonobari, na mfuko wa chakula wenye zabibu kavu, mahindi, punje za rangi na vipande vilivyogandishwa kwa asali. Binti yangu, wakati huo ana miaka tisa, aliwapa majina. Aliyekolea rangi akawa Karafuu, mwenye wekundu akawa Mdalasini.

Tulilipenda lile tangi. Lilikuwa safi na linaonyesha kila kitu. Tukaliweka sebuleni, juu ya kabati fupi lililogusana na redieta ya kupasha nyumba joto, mbele ya dirisha linalopigwa na jua la mchana, tukiamini kwamba mnyama wa nchi ya jua atafurahia joto.

Wiki ya kwanza Mdalasini alianza kuwa na upara mgongoni, kiraka cha ukubwa wa sarafu, ngozi safi bila kidonda. Ilichukua siku tatu za kukaa na kuwatazama kabla mke wangu hajaona kwamba ni Karafuu anayemng’oa manyoya, taratibu, kwa saa nzima, kama mtu anayechambua mchele. Akimaliza anahamia mikononi mwake mwenyewe.

Wiki ya pili ikawa ya mkia. Binti yangu alikuwa anabadilisha maji, mfuniko uko wazi, Mdalasini akaruka. Mtoto akamdaka kwa kile alichoweza kukifikia. Degu hakulia. Alichomoka akapotelea chini ya kochi, na mkononi mwa mtoto kikabaki kipande cha ngozi chenye manyoya na kile kishungi cheusi, kitupu ndani, kama kidole cha glavu kilichovuliwa. Binti yangu alisimama pale mkono umenyooka mbele yake, hawezi kuufunga wala kuuangusha.

Ndivyo mkia wa degu ulivyoumbwa. Adui akiukamata, ngozi inavuka na mwenye mkia anaokoka. Damu huwa kidogo, ule mfupa uliobaki wazi hukauka na kudondoka au mwenyewe huutafuna, na mkia hauoti tena. Mdalasini alipona bila kidonda kuoza. Mwanangu ndiye aliyechukua muda. Nilimwambia na namwambia mpaka leo kwamba yeye hakukosea, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha, na wa kumfundisha nilikuwa mimi. Degu hashikwi mkia kamwe. Huinuliwa kwa viganja viwili vilivyokutana, kutokea chini, na afadhali zaidi aachiwe apande mwenyewe mkononi.

Wiki ya tatu Karafuu akaanza kuangusha chakula. Alikuwa anakishika kwa mikono miwili, anakipeleka mdomoni, anakigeuza, kinaanguka. Alirudia hivyo na punje moja mara nne. Ndipo tukaenda kwa daktari.

Alichokisoma daktari

Degu mzima mwenye afya ana meno ya mbele ya rangi ya chungwa iliyokolea, karibu na papai bivu. Ya Karafuu yalikuwa yamefifia mpaka rangi ya pembe ya ndovu. Magego yalikuwa yameota ncha kali upande wa ndani, zinamkata ulimi kila anapotafuna. Kesho yake alitiwa nusu kaputi, ncha zikasagwa, akapigwa eksirei. Mizizi ya magego mawili ilikuwa imeanza kurefuka kwenda chini ndani ya taya, na hilo, daktari alisema, halirudi nyuma. Linaweza tu kusimamishwa lisiendelee.

Habari njema ilikuwa moja: mkojo haukuwa na sukari, na macho yalikuwa angavu. Degu akishapata kisukari, mtoto wa jicho huweza kutanda ndani ya wiki chache, na hapo upofu hauko mbali.

Kisha akairudia ile picha. Alichukua karatasi akaandika kwa safu mbili, kushoto maumivu, kulia kitu cha kwenye tangi. Magego yalikwenda na ukosefu wa nyasi. Nyasi kavu ni ngumu na ndefu, degu huzisaga kwa kuzungusha taya huku na huku, na mwendo huo ndio unaosugua magego. Punje na tembe huvunjwa kwa mpigo mmoja au miwili tu. Sisi tulikuwa tunawawekea gao moja la nyasi kila Jumamosi, kama pambo. Nyayo za nyuma za wote wawili zilikuwa nyekundu, zinaanza kuchubuka, na hizo zilikwenda na vijiti vya gurudumu. Upana wake wa sentimita 20 ulikuwa unawakunja mgongo kila wanapokimbia. Kupiga chafya, ambako sisi tulikuwa tumekuona ni mchezo, kulikwenda na harufu kali ya msonobari na mvuke wa mkojo, kwa kuwa kioo pande zote nne hakipitishi hewa. Manyoya yaliyong’olewa aliyaandikia neno moja: kuchoshwa. Mnyama anayeshinda anachimba, anatafuna na kukusanya vijiti, alikuwa amefungiwa mahali ambapo kitu pekee cha kushughulika nacho ni ndugu yake.

Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika Uingereza na Wales, inamtaka kila mwenye mnyama ampe mazingira yanayomfaa, chakula kinachomfaa, nafasi ya kuishi kwa tabia yake, wenzi au upweke kulingana na aina yake, na kinga ya maumivu na maradhi. Daktari hakunitisha nayo. Alinisomea tu lile la tatu, tabia yake, akaniambia nikaanze hapo kabla sijafikiria tundu lina sura gani.

Nyumba mpya

Jaribio la kwanza halikudumu. Nililetewa tundu la chuma lililotumika, lenye sakafu na rafu za plastiki. Asubuhi ya nne tuliamka tukakuta kona ya sakafu ina tobo la kupitisha yai, kingo zake zimechongwa kama kwa tindo, na vipande vya plastiki vimetapakaa. Tobo lilikuwa dogo, lakini kilichonitia hofu ni vile vipande. Vikimezwa vinaweza kuziba matumbo.

Mke wangu ndiye aliyetoa wazo la kulirudisha lile tangi, safari hii liwe ghorofa ya chini. Kioo ambacho hakikufaa kwa hewa kinafaa sana kwa kushikilia kina cha kuchimba, mradi juu yake kuwe na wavu mtupu. Tulilihamishia ukuta wa ndani, mbali na redieta na mbali na jua la dirishani, juu ya benchi fupi imara. Tukalijaza kimo cha sentimita 30.

Hapa nikawie kidogo, maana ndiko nilikojifunza zaidi. Maranda matupu, hata yakiwa mengi, huporomoka: degu anachimba, paa linamwangukia, baada ya siku mbili anaacha. Tulinunua maranda ya mti wa aspeni, ambayo hayana ile harufu ya msonobari, tukayatandaza vidole vinne, juu yake tabaka la nyasi kavu ndefu zilizolazwa kwa kukingamana, tukakandamiza kwa viganja, kisha maranda tena, kisha nyasi, mpaka juu. Nyasi ndizo zinazoshika paa la handaki, kama fito zinavyoshika udongo wa nyumba ya kukandika. Pembe moja tulitumbukiza bomba la udongo la bustanini, pana kiasi cha kuwapitisha wawili kwa pamoja, mdomo wake ukiwa juu. Upande wa nje wa kioo nilibandika karatasi nyeusi yenye kipande cha kufunua, kwa sababu shimo lenye mwanga kwa degu si shimo.

Usiku ule hatukulala mapema. Mdalasini, mwenye mkia wa kisiki, ndiye aliyeingia kwanza. Alichimba kwa mikono, akavuta maranda hadi chini ya tumbo, kisha akayasukuma nyuma kwa miguu miwili kwa mkupuo mmoja, na mengine yakagonga kioo kwa sauti ya mvua nyepesi. Baada ya dakika ishirini hakuonekana. Binti yangu akafunua kile kipande cha karatasi, tukaona tumbo lake la rangi ya maziwa likipita taratibu, limegandamana na kioo. Karafuu alikuwa bado juu ya bomba, anamwita kwa zile sauti zao za kuchekecheka. Alishuka usiku wa manane, sisi tumeshalala.

Ghorofa ya juu ni kiunzi cha mbao, ila wavu umepigiliwa upande wa ndani ili jino lisikute ukingo wa mbao. Matundu ya wavu ni ya nusu inchi. Wavu mwembamba wa kuku haufai, wataukata. Kuna rafu tatu za plaiwudi, kingo zake nimezifunga kwa alumini iliyokunjwa, na juu yake nimelaza vigae vilivyobaki bafuni. Vigae havinywi mkojo, husugua kucha kidogo, na wakati wa joto ni vya baridi. Rafu zimepishana, kwa hiyo anayeteleza haanguki zaidi ya sentimita 30. Sakafu ya nyavu hamna popote, kwa ajili ya zile nyayo. Gurudumu sasa ni la chuma, sentimita 35, sehemu ya kukanyagia ni bapa moja lisilo na nafasi. Mlango una komeo mbili, kwa sababu moja walishajifunza kuisukuma. Kutoka chini ya tangi hadi juu kabisa ni sentimita 160. Mbao, wavu, gurudumu na maranda vilinigharimu kama pauni 140 na miisho ya wiki miwili.

Kijumba cha kulala ni cha mbao isiyopakwa rangi, hakina sakafu, na kina milango miwili. Milango miwili ni ya lazima. Wakigombana, anayefukuzwa awe na pa kutokea. Bakuli ni la kauri nzito, chupa ya maji ni ya kioo. Jirani alitukatia matawi ya mtufaha wake, usiopuliziwa dawa, binti yangu akayasugua kwa maji ya moto na kuyakausha. Wanayamenya gome lote mpaka yanabaki meupe, kisha vijiti vilivyomenywa Karafuu anavibeba mdomoni kimoja kimoja na kuvirundika mbele ya mdomo wa bomba. Kule Chile degu hurundika vijiti, mawe na mavi makavu ya ng’ombe mbele ya mashimo yao. Karafuu hajawahi kuiona Chile, wala hakuna aliyemwonyesha.

Mchanga wa kuogea ni ule wa kuogeshea chinchila, mnyama mwingine mdogo wa kufugwa. Mchanga wa ufukweni na wa ujenzi una chembe kali na vumbi. Tunauweka kwenye bakuli pana nusu saa kila jioni. Wanajitupa ubavu, wanabingirika, wanasimama na kujikung’uta, manyoya yanarudi kuwa laini. Kumwogesha degu kwa maji ni kumletea baridi na homa bure.

Chakula nilikibadilisha polepole kwa siku kumi, maana tumbo lao halipendi mageuzi ya ghafla. Nyasi kavu ziko mchana na usiku, mahali pawili, bila kupimwa. Kila mmoja hupata kijiko cha tembe za degu zisizo na molasi, na majani mabichi kiganja kimoja. Zabibu, ndizi, asali na biskuti vimekwisha kabisa, pamoja na wageni kujulishwa. Shangazi yake binti yangu aliwahi kuchovya kidole kwenye halua akanyoosha kwenye wavu kwa mapenzi tu, ikabidi mtoto mwenyewe amshike mkono: “Shangazi, hiyo kwao ni sumu.”

Kosa la usafi

Mwezi wa pili wa nyumba mpya nilifanya jambo nililoliona la heshima. Nilimwaga maranda yote, nikasugua vigae, rafu na kijumba kwa siki, nikaweka kila kitu kipya. Kulinukia vizuri. Nikawarudisha.

Ndani ya robo saa walikuwa wamesimama kwa miguu ya nyuma wanapigana makofi, mikia inatikisika, na Mdalasini akapata jeraha sikioni. Ndugu wa tumbo moja, ambao hawajawahi kutengana, walikuwa wanatazamana kama wageni. Degu hujuana na kuijua nyumba yao kwa harufu. Wanakojoa mchangani na kubingirika humo humo, na hiyo ndiyo saini ya kundi. Mimi nilikuwa nimeifuta yote kwa siku moja.

Niliwatenganisha kwa wavu katikati ya ghorofa ya juu, waonane na kunusana bila kuumana. Kila siku niliwabadilishia upande, huyu alale kwenye nyasi za yule, na mchanga wa kuogea ulikuwa mmoja, unazunguka kati yao. Siku ya nne waliacha kutikisa mikia. Siku ya sita nikawakuta wamelala mgongo kwa mgongo, wavu uko katikati, na jioni yake nikautoa. Tangu hapo natoa theluthi moja tu ya maranda kwa wakati, ile iliyolowa, na gao la zamani hubaki siku zote. Vigae hufutwa, kijumba hakiguswi siku hiyo hiyo.

Julai

Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilifika nyuzijoto 40.3 kule Coningsby, rekodi ambayo haijawahi kuonekana nchini. Nyumba za huku zimejengwa kushika joto lisitoke. Degu hatoki jasho, na ikipita nyuzi 30 ndani ya nyumba maisha yake yako hatarini. Nashukuru Mungu kwamba tulikuwa tumeshalihama lile dirisha, maana jua la siku ile kwenye tangi la kioo lililofungwa lingewaua wote wawili kabla ya adhuhuri, nami niko kazini.

Tulifunga mapazia tangu alfajiri, tukagandisha chupa za maji na kuzivingirisha taulo, tukaziegemeza nyuma ya wavu nje ya meno yao, tukaweka vigae viwili kwenye friji na kuvipokeza kila saa. Feni tuliielekeza ukutani, isiwapige wao. Saa nane mchana kipimajoto cha sebuleni kilisoma 31. Chini kabisa ya maranda, nilipoingiza kipimajoto kingine kwa kijiti, kilisoma 26. Huko ndiko walikokuwa, hawakutoka mpaka saa mbili usiku. Walifanya vile vile ambavyo wenzao hufanya kiangazi kule Chile, na safari hii walikuwa na ardhi ya kuingia.

Mpwa wangu wa Dar es Salaam aliona video zao akaniomba nimtafutie wawili. Nilimkatalia, na nilimkatalia kwa uchungu kwa sababu ni kijana anayependa wanyama kweli. Joto la Dar la Februari, pamoja na ule unyevu, ni hali ambayo ningeweza kuwapunguzia degu kwa kiyoyozi tu, usiku na mchana, na umeme ukikatika sina la kumwambia.

Walivyo leo

Chafya ziliisha wiki ya pili ya nyumba mpya. Mgongo wa Mdalasini ulijaa manyoya kwa miezi miwili, mikono ya Karafuu ilichelewa zaidi, na alipokuwa mpweke zile siku sita za wavu alianza tena kujing’oa, akaacha waliporudiana. Nyayo zimekuwa za rangi ya waridi, hazina gamba. Meno ya Karafuu yalirudi rangi kidogo kidogo, kuanzia mizizini, mpaka mwezi Juni yote yakawa ya chungwa.

Ile mizizi ya magego imebaki pale pale. Kila miezi mitatu Karafuu anarudi kuchunguzwa, na mara mbili tangu hapo amesagwa tena ncha ndogo. Daktari amenieleza wazi kwamba siku moja huenda maumivu yakazidi faida ya kumsaga, na siku hiyo nitatakiwa kuamua. Degu wanaotunzwa vizuri huweza kufika miaka sita hadi minane, na kwake yeye sina ahadi hiyo.

Binti yangu ana daftari. Kila Ijumaa baada ya shule anaweka bakuli kwenye mzani wa jikoni uliotengwa kwa kazi hiyo, anatia kiganja cha nyasi, anasubiri wapande wenyewe. Uzito ukishuka kwa wiki mbili mfululizo tunapiga simu kwa daktari bila kungoja dalili nyingine. Ijumaa iliyopita ameandika: Mdalasini 238. Karafuu 214, amekula nyasi huku napima.